Nani Kasema? Bi Mhariri Ajibu Barua Zenu

Mwezi huu barua zimemiminika, na karibu zote zinazungumzia jambo moja: redio imesema hivi, gazeti limeandika vile, na mgombea analia kwamba maneno si yake. Kura zitapigwa tarehe 10 Agosti 2027, lakini hapa Amu, mji wa Lamu, ukikaa uwanja wa Mkunguni jioni utadhani ni wiki ijayo. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwenyewe amenitumia na ushahidi, kitu ambacho wasomaji wangu hukisahau wakishakasirika. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikuwa mhariri wa habari Mombasa na baadaye Nairobi, sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Langoni, na redio yangu haizimwi.

SWALI: Bi Mhariri, assalam aleikum. Mimi ni fundi wa mashua hapa Matondoni. Kijana mmoja anayetaka kiti cha MCA, yaani mwakilishi wadi, alikuja kuzungumza na wavuvi dikoni, pale mashua zinapofikia. Nilikuwapo mwanzo hadi mwisho na mwanangu alirekodi kwa simu. Usiku redio moja ikatangaza: "Wavuvi wasahau fidia ya bandari, asema mgombea." Bibi, hakusema hivyo! Kesho yake watu wa Kipungani wakawa wanamtukana hata hawajamwona. Je, hawa wa redio wamehongwa? Na sisi tusiosoma mambo ya habari tutajuaje lililosemwa na lililopachikwa?
Fundi, Matondoni

JIBU: Waaleikum salaam, fundi. Ahsante kwa kunitumia rekodi yote badala ya kunisimulia. Nimeisikiliza nikiwa nimebana spika masikioni, maana upepo unaipiga ile simu na kuna punda kaamua kulia pale pale mgombea anapofika penye uzito. Hata hivyo maneno yanasikika. Nayaandika yalivyotoka:

"Mimi nilikwenda mpaka ofisini. Nikamuuliza yule bwana, wavuvi wangu watalipwa lini? Akaniambia, hao wavuvi wasahau fidia, watafute kazi nyingine." Hapo watu wanazomea. "Ngojeni, ngojeni! Nikamwambia, bwana, mimi hapa siondoki mpaka unipe jibu la kuwapelekea watu."

Na hii ndiyo taarifa ya redio, ambayo pia umenirekodia: "Mgombea wa kiti cha uwakilishi wadi kaunti ya Lamu amewataka wavuvi kusahau fidia ya bandari na kutafuta kazi nyingine. Akizungumza huko Matondoni, mgombea huyo alizomewa na wananchi waliojawa na ghadhabu." Kisha inaingia sauti yake mwenyewe, "hao wavuvi wasahau fidia, watafute kazi nyingine," na makelele ya watu.

Sauti ni yake. Zomeo ni la kweli. Kilichokatwa ni "akaniambia" tu, na likishaondoka hilo, maneno ya afisa yanakuwa maneno ya mgombea, na watu waliokuwa wakimzomea afisa asiyekuwapo wanakuwa wanamzomea aliyesimama mbele yao. Hata yule jirani yako anayesema haamini mpaka asikie kwa masikio yake, sasa kasikia kwa masikio yake. Utamwambia nini?

Wamehongwa? Bahasha zipo katika kazi hii na siwezi kumtakasa kila mtu, lakini kabla hujaenda huko tazama njia iliyopita habari yenyewe. Waandishi wengi wa mashinani hawana mshahara. Hulipwa kwa habari iliyotumika, na isiyotumika ni hasara yao pamoja na nauli ya boti. Mwandishi kama huyo hatumi hotuba ya dakika arobaini. Atatuma kipande kifupi kwa WhatsApp, maana kirefu kitamla bando, na chini yake mistari miwili ya maelezo. Anayekipokea yuko Nairobi, hajui kama Matondoni iko bara au kisiwani, na taarifa ya saa moja imebakisha dakika kumi. Anataka sekunde kumi na tano za sauti. Anatafuta penye moto, na moto uko pale watu wanapopiga kelele. Anakata. Mtangazaji anasoma kilichowekwa mbele yake. Katika mlolongo huo huenda hakuna hata mmoja aliyekutakieni mabaya, na kwa mpiga kura wa Kipungani matokeo ni yale yale kana kwamba walikaa kikao wakapanga. Ndiyo maana udhuru wa "tulikuwa na haraka" mimi sijapata kuukubali, wala nilipokuwa kwenye kiti sikuupokea.

Sisi watu wa Amu hatuna sababu ya kutolielewa hili. Mtoto aliyekaa darasani kwenye Msikiti wa Riyadha hata kwa muda mfupi ameshasikia hadithi inavyoanza: fulani katusimulia kutoka kwa fulani, naye kamsikia fulani, mpaka kwa Mtume (s.a.w.). Wanazuoni hawakuwa wakipoteza wino. Kila jina lilichunguzwa: mtu huyu alikuwa mkweli? Alikuwa na kumbukumbu nzuri? Aliwahi hata kukutana na huyo anayedai kumsikia? Mlolongo ukikatika katikati, hadithi inashushwa daraja, hata maneno yake yakiwa matamu namna gani. Basi habari yenu ilikuwa na isnadi, yaani mlolongo wa wasimulizi: afisa kamwambia mgombea, mgombea kawaambia wavuvi, mwandishi kasikia. Redio ikamtoa afisa, ikaacha maneno yake yakitafuta mwenyewe, nayo yakamwangukia aliyekuwa karibu.

Kuna jingine ndani ya rekodi ile, nalo linanikera kuliko hilo la kwanza. Je, afisa alisema kweli? Hapo tuna neno la mgombea peke yake. Huenda katia chumvi. Mgombea asiyetia chumvi bado sijamwona. Mwandishi alitakiwa aandike kwamba mgombea amedai kuambiwa hivyo, amtaje afisa kwa cheo chake, kisha ampigie simu. Hiyo ndiyo iliyokuwa habari! Tangu Mahakama Kuu ilipoamua 2018 kwamba wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa madhara ya ujenzi wa bandari, jambo hili limekuwa chakula cha watu, si siasa ya jukwaani. Kama kuna ofisi ya umma inawaambia wavuvi wasahau, wavuvi wana haki ya kujua ni ofisi gani na nani kasema. Badala yake mmepewa kelele za mkutanoni.

Na usidhani ni jambo dogo. Uchaguzi wa ugavana wa 2017 hapa kwetu uliamuliwa kwa kura zisizofika mia tano, ukaishia mahakamani. Wadi ni ndogo kuliko kaunti. Diko moja likigeuka, mtu amekosa kiti.

Sasa la kufanya. Kijana wenu asiende redioni kufoka. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomgusa. Aandike barua kwa mhariri, aweke tarehe, saa, jina la taarifa, maneno yaliyotangazwa na maneno yaliyosemwa, na aambatanishe rekodi nzima, pamoja na punda. Aombe sahihisho lisomwe saa ile ile habari iliposomwa. Hilo alishikilie, kwa sababu najua mtindo: habari inasomwa saa moja usiku kila mtu akiwa barazani, sahihisho linasomwa saa nane mchana wavuvi wakiwa wamelala. Wakimpuuza, kuna Tume ya Malalamishi katika Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya.

Nawe ukisikia habari ya kukupandisha damu, uliza kasema nani, kamwambia nani, na nani alikuwapo akasikia. Taarifa nzuri hukujibu yote hayo bila wewe kuuliza. Ikikuacha unakisia, usiibebe kwenda nayo Kipungani.

SWALI: Mimi nina duka la vyakula Shela. Wateja hawaniachii nafasi, kwa hiyo kwenye simu nasoma vichwa vya habari tu, habari yenyewe siifungui. Mume wangu ananicheka, anasema ninapiga kura kwa vichwa vya habari. Nakosea?
Mama Duka, Shela

JIBU: Mumeo mwambie hayuko peke yake anayecheka, na wewe huko peke yako unayesoma hivyo. Ila ujue kichwa cha habari huwa hakiandikwi na aliyekuwapo mkutanoni. Kinaandikwa na mtu wa ofisini aliyepewa nafasi ya maneno sita, na katika maneno sita, cha kwanza kutupwa ni "amedai" na "kwa mujibu wa".

Nitakupa kisa cha Uingereza. Januari 1979 nchi ilikuwa imejaa migomo. Waziri Mkuu James Callaghan alirudi kutoka mkutano wa viongozi huko Guadeloupe, waandishi wakamkuta uwanja wa ndege. Alipoulizwa juu ya vurugu za nchini, alijibu kwamba hadhani watu wengine duniani wangekubaliana na maoni kuwa kuna vurugu zinazoongezeka. Jibu la mtu aliyejisahau kidogo, nakubali. Kesho yake gazeti la The Sun likaandika kwa herufi kubwa: "Janga? Janga gani?" Maneno hayo hakuyatamka. Yalitungwa na gazeti. Lakini yalimganda, na Mei mwaka huo Margaret Thatcher akamshinda. Alishindwa kwa mambo mengi, migomo ikiwa mbele, na ningekuwa mpiga kura wa kule pengine nami ningemnyima. Ila ningependa kumnyima kwa maneno yake mwenyewe. Mpaka leo ukiwauliza watu Callaghan alisema nini, watakutajia maneno ya mhariri.

Hapa kwetu kanuni za maadili zilizowekwa pamoja na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilisema kichwa kilingane na habari iliyo chini yake, na kama kina tuhuma kimtaje anayetuhumu au angalau kiweke alama za kunukuu. Kwa hiyo ukiona "Mgombea ameiba mashamba" pasipo alama wala jina la anayesema, fungua habari. Mara nyingi mstari wa tatu utakuta ni mpinzani wake ndiye aliyesema, tena harusini. Mteja wa sukari atasubiri.

SWALI: Shikamoo Bi Mhariri. Mimi ni mwandishi wa mashinani, niko Faza, mwaka wangu wa kwanza. Mhariri wangu hunikatia "alisema" na "alidai", anasema zinarefusha habari. Na kuna wasaidizi wa wagombea wananitumia ujumbe: andika mheshimiwa amesema hivi. Sikuwapo, sikusikia, lakini nisipoandika wenzangu wataandika na mimi nitakosa pesa. Nifanyeje?
Binti wa Faza

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeipenda kuliko zote, na nitakujibu kama ningemjibu mtu aliyekaa meza ya pili yangu.

Alama za kunukuu ni kiapo. Ukizifungua unamwambia msomaji: maneno haya nimeyasikia au nimeyasoma, na ndivyo yalivyokuwa. Kama unayakumbuka nusu nusu, ondoa alama, eleza kwa maneno yako, lakini jina la msemaji libaki. Ukipata ujumbe wa msaidizi, andika hivyo hivyo: katika ujumbe uliotumwa na msaidizi wake, mgombea amesema. Pesa yako utapata na uongo hukusema. Msomaji wa Kizingitini ana akili zake, atajua kwamba hayo yametoka kwa mtu anayelipwa kumsifu mkubwa wake.

Mgombea akimnukuu mtu mwingine, hapo ndipo uamke. Wanasiasa wetu husema kwa kuigiza: anamwiga mpinzani, anamwiga afisa, anajiuliza na kujijibu. Dikoni kila mtu anaelewa kwa sababu anaiona mikono yake na anaisikia sauti ikibadilika. Kwenye karatasi mikono haionekani. Soma barua ya fundi wa Matondoni hapo juu, kisha unapotuma kipande cha sauti anza sentensi moja kabla ya moto na umalize sentensi moja baada yake. Na juu ya faili andika wazi: hapa anamnukuu afisa. Aliye Nairobi hawezi kulinda asichojua kwamba kina thamani.

Kuhusu huyo mhariri anayekata "alidai", msomee kisa hiki. Novemba 1999 Al Gore, aliyekuwa akiwania urais wa Marekani, alizungumza na wanafunzi wa shule ya sekondari ya Concord, New Hampshire. Aliwaeleza jinsi barua ya msichana mmoja ilivyomfungua macho kuhusu taka za sumu katika mji mdogo wa Toone, Tennessee. Akatafuta mahali pengine penye shida kama hiyo, akapata Love Canal, New York, akaitisha vikao bungeni. Kisha akarudi kwenye Toone akasema: huo ndio ulioanzisha yote. Washington Post na New York Times yakaandika: mimi ndiye niliyeanzisha yote. Mji ukatolewa, mtu akawekwa. Mgombea aliyekuwa akimpa sifa msichana wa shule akaonekana anajisifu kwa kazi za wengine, na kwa kuwa tayari alikuwa na jina la kujisifu, kila mchambuzi akalidaka. Waliopiga kelele kwamba si kweli ni wanafunzi wenyewe, maana walikuwapo na walikuwa na mkanda wa video. Magazeti yote mawili yalisahihisha, siku kadhaa baadaye, habari ikiwa imeshazunguka nchi nzima. Mwaka uliofuata Gore alikosa Florida kwa kura 537, na kwa Florida akakosa urais. Sitakwambia sentensi ile ndiyo iliyomwangusha. Anayesema hivyo naye ananukuu asichokisikia. Nakwambia tu katika uchaguzi wa namna hiyo hakuna neno dogo.

Halafu, "wakazi wanasema". Wakazi gani? Ukinywa kahawa na wazee wawili pale Faza, hao ni wazee wawili. Waulize majina yao, au andika kwamba ni wawili na kwa nini hawakutaka kutajwa. Na "duru" usiniandikie kabisa, labda mtu atafukuzwa kazi au atadhurika akijulikana, na hata hapo mhariri wako amjue. Mtu anayempaka matope mpinzani wa mkubwa wake hana cha kuogopa. Akikataa kutajwa, mwambie basi hujasikia.

SWALI: Bi Mhariri, nimekusoma miezi iliyopita na naona unawaonea huruma wanasiasa. Kila wakishikwa na maneno yao wanasema "nilinukuliwa vibaya". Ukiendelea hivi utawapa pa kujifichia. Waache waandishi wafanye kazi.
Mwalimu mstaafu, Malindi

JIBU: Mwalimu, kwa sehemu umenishika vizuri. Hakuna sentensi inayonichosha kama "nilinukuliwa vibaya". Nimeisikia ikitamkwa na mtu ambaye kanda ya sauti yake ilikuwa inazunguka mbele yangu.

Lakini jiulize kwa nini bado inawafaa. Inawafaa kwa sababu watu wanajua magazeti na redio hukosea kweli. Fundi wa Matondoni leo keshajua. Kesho mgombea mwingine, mwongo wa kutupwa, akiripotiwa sawasawa kisha akakana, fundi atamwamini mwongo. Huruma yangu iko kwa fundi.

Kuna namna ya kuwatenganisha. Aliyenukuliwa vibaya kwa haki ana haraka ya kukuonyesha alichosema: nilikuwa mahali fulani, sentensi yangu ilikuwa hii, rekodi hii hapa, isikilizeni yote. Anayekana maneno yake huruka jambo hilo. Atazungumzia maadui zake wa kisiasa, atazungumzia vyombo vya habari vilivyonunuliwa, atasema maneno yametolewa nje ya muktadha. Muulize basi huo muktadha ulikuwa upi, sentensi iliyotangulia ilikuwa ipi. Akianza kutazama saa, umepata jibu lako.

Na kuna upande ambao wewe na mimi hatujaugusa. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kupokea barua ya mwanasiasa akilalamika kwamba amesifiwa kimakosa. Fungua gazeti lolote msimu wa siasa utakuta: "Wakazi wa Malindi wampongeza mheshimiwa kwa barabara." Wakazi hao hawana majina, hawana mtaa. Ukifuatilia utakuta taarifa iliandikwa na ofisi ya mheshimiwa mwenyewe, ikatumwa kwa barua pepe na picha mbili, ikapachikwa kama ilivyo na jina la mwandishi juu yake. Kwa hesabu ya mpiga kura huo ni unukuzi mbovu kama ule wa Matondoni. Mmoja umemvika mtu maneno ya afisa, mwingine umeivika ofisi ya mheshimiwa sura ya wananchi. Wa pili haupati hata wa kuulalamikia, kwa hiyo unaishi muda mrefu zaidi.

Wewe ni mwalimu, unao vijana waliopita mikononi mwako. Waulize wangapi kati ya hao "wakazi" wanawajua.

SWALI: Kuna mchekeshaji hapa Malindi anaiga sauti ya mgombea mmoja wa ubunge, anasema atahamisha soko la samaki alipeleke porini. Ni mzaha, sote tulicheka. Sasa mtu kakata sekunde chache, kaweka picha ya mgombea na nembo ya kituo cha televisheni, na mama yangu mzazi anaapa kwamba kamsikia akisema. Nimemweleza mpaka nimechoka. Nimwambie nini?
Kijana wa Shela ya Malindi

JIBU: Mheshimu mama yako, hata Wamarekani wamenaswa na mtego huu. Mwaka 2008 Sarah Palin, gavana wa Alaska aliyekuwa mgombea mwenza wa urais, aliulizwa na ABC kuhusu Urusi. Akajibu kwamba ni majirani, na kwamba kuna kisiwa cha Alaska ambako unaweza kuiona Urusi. Kijiografia ni kweli. Siku mbili baada ya mahojiano kuonyeshwa, mchekeshaji Tina Fey akamwigiza kwenye televisheni akisema anaiona Urusi kutoka nyumbani kwake. Mpaka leo wapo watu, na wengine wamesoma, wanaoapa kwamba Palin ndiye aliyesema. Mzaha ulikuwa mfupi na mtamu kuliko jibu la kweli, kwa hiyo ukabaki wenyewe vichwani. Mchekeshaji hakukosea. Waliokosea ni wale waliokuja kuurudia bila kutaja ulikotoka.

Mama usimweleze tena. Mtafutie video nzima ya mchekeshaji, ile yenye kofia na masharubu ya bandia kama anayo, umwekee aitazame mpaka mwisho, mkiwa wawili tu, si mbele ya wakwe. Kisha ingia kwenye ukurasa wa hicho kituo cha televisheni umwonyeshe kwamba habari hiyo haipo. Kituo chenyewe kiandikieni pia. Nembo ni yao, na wengi hutoa tangazo la kukana wakiletewa picha yenye tarehe na mahali ilipoonekana. Mchekeshaji naye mwombe aweke jina lake katikati ya video badala ya pembeni, ili anayekata akate nalo.

Barua za mwezi ujao nizipate kabla ya tarehe 15. Tayari ninayo moja kutoka Mpeketoni inayouliza kuhusu kura za maoni zinazotangazwa bila kusema waliulizwa watu wangapi, na ningependa kupata nyingine za namna hiyo. Mkinitumia rekodi, tumeni yote.